Kani ya Sumaku kwenye Kitanzi chenye Mkondo: Kutambua Kosa kutokana na Jibu Lililopatikana

Kani ambayo uga wa sumaku unaitoa kwenye kipande cha waya kilichonyooka hukokotolewa kwa kanuni fupi, F = BIL sin θ, ambamo B ni uga kwa tesla, I ni mkondo kwa ampea, L ni urefu wa waya kwa mita, na θ ni pembe kati ya mwelekeo wa mkondo na mwelekeo wa uga. Matatizo huanza waya huo unapokunjwa kuwa kitanzi, kwa sababu hapo kila upande una kani yake, kila kani ina mwelekeo wake, na jibu linalotakiwa ni jumla ya vekta na si jumla ya namba tupu. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na hata wa mwaka wa kwanza chuoni, wakikosa hapa hufuta kazi yote na kuanza upya, jambo ambalo kwa kawaida halina haja. Jibu lisilo sahihi katika mada hii hubeba alama ya kosa lililolizaa, na mtu akiligawanya kwa jibu linalotarajiwa, uwiano anaoupata mara nyingi unatosha kumwonyesha mstari wa kazi uliopotoka.

Kwa sababu hiyo, maelezo yafuatayo yamepangwa kwa dalili, na sehemu yake kubwa inarejea swali moja.

Swali la rejea

Waya mrefu ulionyooka unapitisha mkondo wa ampea 20 kuelekea kichwa cha ukurasa. Kulia kwake, katika bapa hilohilo, kipo kitanzi cha mstatili chenye mkondo wa ampea 5 unaozunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Pande ndefu za kitanzi zina sentimita 30 kila mmoja na ziko sambamba na waya. Pande fupi zina sentimita 8. Upande mrefu wa karibu uko sentimita 2 kutoka kwenye waya, na kwa hiyo upande mrefu wa mbali uko sentimita 10 kutoka kwenye waya. Tafuta kani halisi kwenye kitanzi, yaani jumla ya vekta ya kani za pande zote nne.

Uga wa waya mrefu katika umbali r ni B = μ₀I/(2πr), na kwa kuwa μ₀, namba isiyobadilika, ni 4π × 10⁻⁷ kwa vipimo vya SI, kanuni hiyo hufupika kuwa B = 2 × 10⁻⁷ × I/r. Kwenye upande wa karibu tunapata 2 × 10⁻⁷ × 20/0.02, yaani 2 × 10⁻⁴ T, na kwenye upande wa mbali tunapata 2 × 10⁻⁷ × 20/0.10, yaani 4 × 10⁻⁵ T. Uga huo, kulia kwa waya, unaingia ndani ya ukurasa na kukutana na pande zote nne za kitanzi kwa pembe ya nyuzi 90, hivyo sin θ ni 1 kila mahali.

Kani kwenye upande wa karibu ni 5 × 0.30 × 2 × 10⁻⁴, sawa na 3.0 × 10⁻⁴ N, na inaelekea kushoto, kwenye waya, kwa sababu mikondo miwili iliyo sambamba na yenye mwelekeo mmoja huvutana. Kani kwenye upande wa mbali ni 5 × 0.30 × 4 × 10⁻⁵, sawa na 6.0 × 10⁻⁵ N, na inaelekea kulia, kwa sababu mkondo wa upande huo unashuka wakati ule wa waya unapanda. Pande fupi zina kani zilizo sawa na zinazopingana, moja kuelekea kichwa cha ukurasa na nyingine kuelekea chini, kwa hiyo zinafutana. Kani halisi ni tofauti ya zile mbili za kwanza: 2.4 × 10⁻⁴ N kuelekea kwenye waya.

Jibu ni sifuri, ilhali kitanzi kinapaswa kuvutwa

Dalili hii hutokana na kutumia uga mmoja kwa kitanzi kizima. Mwanafunzi huchukua umbali wa katikati ya kitanzi, ambao katika swali letu ni sentimita 6, akapata uga wa takriban 6.7 × 10⁻⁵ T, kisha akautumia kwa upande wa karibu na wa mbali. Kani mbili zinatoka zikiwa sawa na zinazopingana, na jumla inakuwa sifuri. Hesabu yenyewe haina kosa. Kilichokosewa ni kudhani kwamba uga unaopungua kwa umbali unaweza kuwakilishwa na thamani yake ya katikati, wakati kani inayotafutwa inatokana na kupungua huko kwenyewe.

Yuko pia anayefika kwenye sifuri kwa njia ya nadharia, akikumbuka kwamba kitanzi kilichofungwa hakipati kani halisi katika uga wa sumaku. Kauli hiyo ni kweli pale tu uga unapokuwa sare, yaani wenye ukubwa uleule na mwelekeo uleule kila mahali palipo na waya wa kitanzi. Katika hali hiyo B hutoka nje ya jumla, kinachobaki ni jumla ya vipande vyote vya urefu wa waya kama vekta, na kwa kuwa waya unarudi ulipoanzia, jumla hiyo ni sifuri. Sharti la usare likiondoka, hitimisho nalo linaondoka. Kabla ya kuandika sifuri, ni vyema kujiuliza chanzo cha uga ni kipi: waya mwingine, ncha ya sumaku, au koili fupi karibu hutoa uga usio sare, na swali linalotaja mojawapo ya vyanzo hivyo kwa kawaida halitarajii sifuri.

Jibu si sifuri, ilhali uga ni sare na kitanzi kizima kiko ndani yake

Hapa kosa liko kwenye upande mmoja tu, na kulitafuta si kazi ngumu. Orodhesha pande zote na kani zake, kisha zitazame kwa jozi zinazokabiliana. Katika mstatili kila jozi lazima ifutane. Jozi isiyofutana ndiyo yenye upande uliokosewa mwelekeo wa mkondo, au upande uliopewa pembe isiyo yake. Katika pembetatu hakuna jozi, na hapo lazima kani zigawanywe katika vijenzi vya mlalo na vya wima kabla ya kujumlishwa. Wengi hupata jibu lisilo sifuri kwenye pembetatu kwa sababu walisahau kwamba pembe ya ndani ya pembetatu si lazima iwe pembe kati ya mkondo na uga. Mkondo una mwelekeo, na pembe hupimwa kutoka kwenye mwelekeo huo, ukichorwa kama mshale, hadi kwenye mshale wa uga.

Waya uliopinda una dalili yake ya pekee: jibu lililozidi kwa uwiano wa 1.57. Chukua waya wa nusuduara wenye nusukipenyo cha mita 0.10 na mkondo wa ampea 3, uliolala katika bapa lililo wima kwa uga sare wa tesla 0.5. Jibu sahihi la kani kwenye nusuduara ni 2IRB, sawa na 0.30 N. Anayechukua urefu wote wa tao, πR, na kuuzidisha kwa IB hupata 0.47 N, na uwiano wa majibu hayo mawili ni π/2. Aliyefanya hivyo amejumlisha ukubwa wa kani ndogondogo kana kwamba zote zinaelekea upande mmoja, ilhali kila kipande cha tao kinasukumwa kwenye mwelekeo wa nusukipenyo chake, na vijenzi vya kushoto na vya kulia vinafutana. Katika uga sare, waya wowote uliopinda hupata kani ileile ambayo ungeipata waya ulionyooka unaounganisha ncha zake mbili. Ukikifunga kitanzi hicho kwa kipenyo chake, kipenyo kitapata 0.30 N kwa mwelekeo wa kinyume, na jumla itakuwa sifuri kama inavyopaswa.

Jibu liko karibu na sahihi, lakini si lenyewe

Dalili hii inastahili uangalifu kuliko nyingine, kwa sababu inamshawishi mtu kulaumu ukadiriaji wa desimali. Katika swali letu la rejea, majibu manne yasiyo sahihi hujitokeza mara kwa mara, na kila moja lina chanzo chake.

Jibu la 3.6 × 10⁻⁴ N linatokana na kujumlisha kani za pande mbili ndefu badala ya kutoa moja kwa nyingine. Mwanafunzi alisahau kwamba mkondo wa upande wa mbali unashuka. Jibu la 3.0 × 10⁻⁴ N linaonyesha kwamba upande wa mbali uliachwa kabisa, pengine kwa kudhani kuwa uko mbali mno kuhesabiwa. Jibu la 2.25 × 10⁻⁴ N ni la mtu aliyechukua upana wa kitanzi, sentimita 8, kuwa umbali wa upande wa mbali kutoka kwenye waya, akisahau zile sentimita 2 za mwanzo. Hili la tatu ni la hatari zaidi, kwa kuwa linatofautiana na jibu sahihi kwa asilimia 6 tu, na mtu asiyekuwa na jibu la kulinganisha hawezi kulishuku. Dawa yake ni mchoro wenye umbali wote kupimwa kutoka kwenye waya, uliochorwa kabla ya kuandika mlinganyo wowote.

Jibu la nne, 2.0 × 10⁻⁴ N, lina makosa mawili yanayosaidiana: uga wa katikati ya kitanzi ulitumika kwa pande zote mbili, halafu kani zikajumlishwa badala ya kutolewa. Msahihishaji anayetazama jibu la mwisho pekee anaweza kudhani mwanafunzi huyu amekaribia kuliko yule wa 3.6 × 10⁻⁴ N, ilhali ndiye aliye mbali zaidi na ufahamu wa jambo lenyewe.

Jibu limezidi au limepungua mara 100, mara 10,000, mara 2 au mara π

Uwiano wa 100 unatoka kwenye sentimita. Katika swali la rejea, anayegeuza urefu wa upande kuwa mita lakini akauacha umbali r kwa sentimita hupata 2.4 × 10⁻⁶ N. Anayefanya kinyume chake hupata 2.4 × 10⁻² N. Lakini lipo jambo la kushangaza kidogo, ambalo huwalinda wazembe kwa muda: anayeacha vyote viwili kwa sentimita hupata jibu sahihi kabisa. Sababu ni kwamba kani kati ya waya na kitanzi inategemea uwiano wa L kwa r, na sentimita zilizo juu hufutana na sentimita zilizo chini. Mwanafunzi wa namna hiyo huondoka akiamini kwamba kugeuza vipimo si lazima, kisha swali linalofuata linampa B moja kwa moja kwa tesla, hakuna r ya kumwokoa, na jibu lake linazidi mara 100 bila yeye kujua kilichobadilika.

Uwiano wa 10,000 una vyanzo viwili. Cha kwanza ni eneo lililoachwa kwa sentimita za mraba wakati wa kutafuta torki, yaani nguvu ya kukigeuza kitanzi: sentimita za mraba 24 ni mita za mraba 0.0024, na aliyegawanya kwa 100 badala ya 10,000 atakuwa amezidisha jibu mara 100. Cha pili ni gausi. Tesla 1 ni gausi 10,000, na baadhi ya vipimauga na maelezo ya sumaku zinazouzwa madukani bado hutumia gausi. Sumaku iliyoandikwa gausi 3,000 ina uga wa tesla 0.3.

Uwiano wa π unaonyesha kwamba kanuni ya uga katikati ya kitanzi cha duara, B = μ₀I/(2R), imetumika mahali pa kanuni ya waya mrefu. Uwiano wa 2 unaonyesha kwamba μ₀I/(2πr) imefupishwa kuwa 4 × 10⁻⁷ × I/r badala ya 2 × 10⁻⁷ × I/r.

Uwiano ulio sawa na namba kamili kama 10, 50 au 200 unapaswa kumrudisha mtu kwenye swali atazame idadi ya mizunguko ya waya. Koili ya mizunguko 50 si kitanzi kimoja. Kila mzunguko unapata kani yake, na jumla huzidishwa kwa N.

Upande wa mbali unatoka na kani kubwa kuliko upande wa karibu

Jambo hili haliwezekani kwa waya mrefu ulionyooka, na linapotokea mshukiwa wa kwanza ni kikokotoo. Mwanafunzi ameandika 4π × 10⁻⁷ × 20 ÷ 2π × 0.02 bila mabano. Kikokotoo kinagawanya kwa kile kinachofuata alama ya kugawanya, kisha kinazidisha kwa 0.02 badala ya kugawanya. Vikokotoo hutofautiana katika kushughulikia 2π, kwani vingine huichukua kama kitu kimoja na vingine hugawanya kwa 2 kisha huzidisha kwa π, lakini vyote vitazidisha kwa umbali. Matokeo yake ni uga unaokua kadiri unavyokwenda mbali na waya, na kani halisi inayokisukuma kitanzi mbali badala ya kukivuta. Weka mabano kuzunguka kigawanyo chote, au, afadhali zaidi, tumia 2 × 10⁻⁷ × I/r na uiache π ipumzike.

Namba ni sahihi, lakini mielekeo yote imegeuka

Ikiwa kila kani imetoka na mwelekeo wa kinyume, kosa ni moja tu na lilifanyika mwanzoni. Kanuni ya Fleming inayohusu kani kwenye waya wenye mkondo ni ya mkono wa kushoto: kidole gumba kwa kani, kidole cha shahada kwa uga, kidole cha kati kwa mkondo. Mkono wa kulia, kwa mpangilio huohuo wa vidole, ni wa jenereta, na aliyeutumia hapa hupata kinyume kila mara. Anayetumia zao la vekta, F = I L × B, hutumia mkono wa kulia kwa namna nyingine: vidole vinakunjwa kutoka mwelekeo wa mkondo kwenda mwelekeo wa uga, na gumba linaonyesha kani. Njia zote mbili ni sahihi na hutoa jibu moja. Ni kuzichanganya katika swali moja ndiko kunakoleta maafa, na kwa maoni yangu mwanafunzi achague moja na aachane na nyingine hadi mitihani ipite.

Vyanzo vingine vya dalili hii ni kufuata mwendo wa elektroni badala ya mkondo wa kawaida, kuandika B × L badala ya L × B, na kusoma vibaya alama za uga. Nukta ndani ya duara ni ncha ya mshale unaomjia msomaji. Msalaba ndani ya duara ni manyoya ya mkia wa mshale unaokwenda ndani ya ukurasa.

Ikiwa upande mmoja tu ndio uliogeuka, usiishuku kanuni ya mkono. Tazama mishale ya mkondo kwenye mchoro. Mkondo wa kitanzi unazunguka, hivyo pande zinazokabiliana lazima ziwe na mishale inayopingana, na mchoro wenye mishale miwili inayopanda kwenye pande zote mbili ndefu si mchoro wa kitanzi.

Uhakiki wa haraka upo. Katika swali la rejea, kani za pande zote nne zinaelekea nje, kana kwamba uga unajaribu kukipanua kitanzi, na ndivyo inavyokuwa kila mara mkondo wa kitanzi unapotengeneza uga wake wa ndani kwa mwelekeo uleule wa uga wa nje. Ukigeuza mkondo wa kitanzi, kani zote nne zinaelekea ndani, na kitanzi kinasukumwa mbali na waya. Mchoro wenye kani tatu za kwenda nje na moja ya kuingia ndani una kosa kwenye ile moja.

Kani ni sifuri kama inavyotarajiwa, lakini torki imekosewa

Katika uga sare kitanzi hakisogei, lakini kinaweza kugeuka. Torki yake ni τ = NIAB sin θ, ambamo N ni idadi ya mizunguko na A ni eneo la kitanzi kwa mita za mraba, na hapa ndipo θ inapobadilika maana bila kutoa taarifa: si pembe kati ya mkondo na uga tena, bali ni pembe kati ya uga na normali, yaani mstari unaosimama wima juu ya bapa la kitanzi. Maswali mengi hutoa pembe kati ya bapa lenyewe na uga, ambayo ni nyuzi 90 kutoa θ.

Chukua koili ya mizunguko 50, yenye pande za sentimita 4 na 6, mkondo wa ampea 2, katika uga wa tesla 0.3, na bapa lake likiwa na pembe ya nyuzi 30 na uga. Zao la NIAB ni 50 × 2 × 0.0024 × 0.3, sawa na 0.072 N·m. Normali ina pembe ya nyuzi 60 na uga, kwa hiyo torki ni 0.0624 N·m. Aliyetumia nyuzi 30 moja kwa moja hupata 0.036 N·m. Aliyepata namba hasi, takriban −0.0219, ana kikokotoo kilicho katika radiani. Aliyepata 0.0582, namba ambayo haifanani na kosa lolote la fizikia na inayoweza kumsumbua mwalimu kwa muda mrefu, ana kikokotoo kilicho katika gradi, hali ambayo huingia kwa bahati mbaya wakati wa kubadilisha mipangilio na ambayo pembe mraba ina vipimo 100 badala ya 90.

Swali lenye pembe ya nyuzi 45 halimsaidii mtu kujipima, kwa kuwa sini na kosini zinalingana hapo, na aliyekosea pembe hupata jibu sahihi sawa na aliyepatia.

Dalili nyingine ya torki ni kosini au sini inayojitokeza mahali isipotakiwa. Katika galvanomita ya koili inayozunguka, ncha za sumaku zimechongwa kwa mviringo na katikati ya koili pamewekwa chuma laini cha umbo la silinda, ili uga uelekee kwenye nusukipenyo na ubaki ndani ya bapa la koili, koili ikiwa imegeuka kiasi chochote ndani ya pengo. Torki ni NIAB tupu. Aliyeingiza kosini ya pembe ya mshale hupata kipimo chenye alama zinazobanana upande mmoja, wakati mchongo huo wa ncha umefanywa hasa ili alama ziachane kwa nafasi sawa.

Kitanzi kiko nusu ndani ya uga, nusu nje

Katika mizani ya mkondo, kitanzi huning'inizwa ili upande wake wa chini uwe kati ya ncha za sumaku na upande wa juu ubaki nje. Upande wa chini wenye sentimita 5, katika uga wa tesla 0.4 na mkondo wa ampea 2, hupata 0.04 N, sawa na uzito wa takriban gramu 4.1. Pande za wima zinazama ndani ya uga kwa kina kimoja na kani zake zinafutana. Anayeandika sifuri kwa sababu kitanzi kimefungwa amesahau sharti la usare. Uga unaokatika katikati ya kitanzi si sare.

Kitanzi cha duara kilichozamishwa kiasi huleta majibu matatu tofauti darasani. Kiwe na nusukipenyo cha sentimita 5, kitovu chake kikiwa sentimita 3 juu ya mpaka wa uga uleule, na mkondo uleule. Aliyetumia kipenyo chote hupata 0.080 N, aliyetumia urefu wa tao lililozama hupata 0.074 N, na aliyetumia mstari mnyoofu kati ya sehemu mbili ambazo waya unavuka mpaka, ambao ni sentimita 8, hupata 0.064 N. Huyu wa tatu ndiye aliye sahihi, kwa sababu ileile ya nusuduara.

Kitanzi cha duara mbele ya ncha ya sumaku

Uga unaotoka kwenye ncha ya sumaku hutawanyika, na kwenye waya wa kitanzi kilicho mbele yake huwa na vijenzi viwili: kimoja sambamba na mhimili wa kitanzi, kingine kinachoelekea nje kwenye nusukipenyo. Kijenzi cha kwanza hukivuta kitanzi nje au kukibana ndani, na jumla yake ni sifuri. Kijenzi cha pili ndicho kinachokisogeza kitanzi kwenye mhimili. Kwa kitanzi chenye nusukipenyo cha mita 0.04, mkondo wa ampea 2, na uga wa tesla 0.1 unaofanya pembe ya nyuzi 30 na mhimili, kani ni 2πR × I × B × sin 30°, sawa na 0.025 N. Jibu la 0.044 N linaonyesha kosini mahali pa sini, na la 0.050 N linaonyesha uga haukugawanywa katika vijenzi.

Katika spika sumaku imeundwa ili uga wote kwenye pengo uwe wa nusukipenyo, na hapo kweli kani ni N × 2πR × I × B bila pembe yoyote.

Hesabu ni sahihi, lakini kipimo cha maabara hakikubali

Watu wengi huutuhumu uga wa dunia, ambao katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki una mikrotesla 30 hadi 35. Tuhuma hiyo haina nguvu. Ni kweli kwamba uga huo unakaribia ule wa mikrotesla 40 ulio kwenye upande wa mbali wa swali letu la rejea, na kwa hiyo unabadilisha sana kani ya upande mmoja mmoja. Lakini kwa kuwa ni sare katika eneo dogo kama kitanzi, mabadiliko hayo yanafutana na kani halisi inabaki vilevile. Unachoweza kuleta ni torki, na kitanzi kilichoning'inizwa kwa uzi kinaweza kujipinda kidogo. Uga wa kitanzi chenyewe nao usiongezwe kwenye hesabu, kwa kuwa kitanzi hakiwezi kujisukuma kwa kani yake mwenyewe.

Mshukiwa anayestahili kutazamwa kwanza ni nyaya zinazopeleka mkondo kwenye kitanzi. Zikipita karibu na sumaku zikiwa zimeachana, kila mmoja unapata kani yake na mizani inasoma jumla. Zikisokotwa pamoja, mikondo yake inayopingana hufutana. Halafu tazama uga ulio nje ya kingo za sumaku, ambao haukatiki ghafla kama mchoro wa kitabu unavyoonyesha. Mwisho ni chanzo cha umeme: kitanzi kilichounganishwa kwenye transfoma isiyo na kirekebishi hupata mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, na katika uga wa sumaku ya kudumu kani yake hugeuka kila mkondo unapogeuka, hivyo wastani wake ni sifuri. Mizani haitasoma kitu, lakini ukiugusa waya kwa upole kwenye sehemu yenye ganda utausikia ukitetemeka.